Njia ya Kwenda Lamboni

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Sindano alifuata njia ya mifugo hadi lamboni kuteka maji. Ndoo ya kwanza ilikuwa ya nyumbani: ya kunywa, ya kupikia na ya kumwogeshea mdogo wake mchanga. Ndoo ya pili haikuvuka kizingiti. Aliipeleka nyuma ya shamba, akaimimina polepole kwenye mashina ya mikonge, huku akitupa macho kulia na kushoto kama mwizi wa kuku.

Wenzake walimwita Sindano kwa wembamba wake, na pia kwa sababu hakuwa mtu wa kunyamaza akiona jambo lisilo sawa. Siku zile, hata hivyo, alikuwa amenyamaza.

Mikonge ile haikuwa ya pale. Baba yake aliing'oa ikiwa imekwisha kukomaa, kandokando ya korongo, akaipanda upya ndani ya njia ya mifugo. Kijiji kilikuwa kimeomba hati ya ardhi ya jamii, na mpima ardhi alitarajiwa wakati wowote. Hati hiyo ingeonyesha mashamba ya kila familia, na pia mali ya wote, yaani malisho, lambo, na njia ya mifugo iendayo huko. Baba alijua kwamba mkonge mkubwa mpakani huhesabiwa kuwa alama ya wazee. Alijua pia kwamba mkonge uliohamishwa wakati wa kiangazi hunyauka usipopewa maji.

"Baba, tukiulizwa je?" Sindano aliuliza siku moja.

"Nani akuulize wewe? Mikonge hii aliipanda babu yako. Umesikia?"

"Lakini babu alifariki kabla ya..."

"Umesikia, au hukusikia?"

"Nimesikia, baba."

Sauti ya baba haikuwa na hasira. Ilikuwa na hofu. Mvua zilikuwa zimekataa, na ghala lilikuwa tupu hata panya walikuwa wamelihama. "Mwanangu," akasema kwa upole, "kipande hiki kidogo ndicho uji wa mama yako na huyo mtoto mchanga. Unadhani mimi napenda?"

Ng'ambo ya njia aliishi fundi seremala. Alipoona mikonge imesogea, naye aliusogeza ukuta wake wa mawe. Kila mmoja aliuona wizi wa mwenzake, wala hakuna aliyefungua kinywa, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na wake wa kuficha. Njia iliyokuwa ikipitisha kundi zima la ng'ombe ikabaki nyembamba kama ushoroba wa nyumba.

Mpima ardhi alipofika, wanakijiji wakamfuata shamba kwa shamba wakiongozwa na mwenyekiti wao, mama mmoja mkunga ambaye alikuwa amewapokea duniani nusu ya watu waliokuwa pale. Walipofika kwenye njia, mpima alisimama.

"Ng'ombe hupita wapi?"

"Hapa hapa, bwana mpima," wakajibu baba na fundi kwa pamoja.

"Hapa? Hapa hata mbuzi mnene ataomba msamaha. Mikonge hii ni ya lini?"

"Aliipanda marehemu baba yangu," akasema baba.

Macho ya Sindano yakaenda kwenye majani yaliyoanza kukauka ncha. Akayainamisha haraka.

"Marehemu!" Fundi akacheka kwa dharau. "Basi huyo marehemu amefufuka mwaka huu akashika jembe."

"Na mawe yako, fundi? Yametembea yenyewe, eti yana miguu?"

Kelele zikapanda. Watu wakagawanyika, wa upande huu na wa upande ule, hata mwenyekiti akashindwa kuwanyamazisha. Mpima ardhi akakunja vifaa vyake.

"Nisikilizeni," alisema. "Utaratibu wetu hauruhusu kupima mahali penye ugomvi. Njia isipopimwa, lambo na malisho vinabaki nje ya hati, kwa kuwa sitaweza kuonyesha kwamba mnavitumia. Tena yuko mfanyabiashara aliyekwisha kuyaomba malisho yale pamoja na lambo, akidai kwamba ni ardhi isiyo na mwenyewe. Kesho nafunga kazi. Mkielewana, niiteni. Msipoelewana, nitaandika mashamba peke yake."

"Vita vya panzi, furaha ya kunguru," mwenyekiti akasema kwa uchungu. "Mnagombania upana wa jembe, na mtu anayachukua maji yetu yote!"

Watu walitawanyika kama watokao mazikoni.

Kesho yake asubuhi Sindano alikuta watu wageni lamboni. Walikuwa wakipigilia vigingi kuzunguka maji. Mmoja wao, kijana mwenye uso mwema, alimsogezea ndoo yake.

"Chota, mdogo wangu. Chota ya kutosha. Hivi karibuni hapa patazungushiwa seng'enge, na mlinzi juu yake."

"Na sisi tutateka wapi?"

Kijana alikwepa macho yake. "Mimi ni kibarua tu wa huyo mfanyabiashara, mdogo wangu."

Sindano alijitwika ndoo. Hakukuwa na kisima, wala mto wenye maji. Alimkumbuka mdogo wake, ambaye midomo yake ilikuwa imeanza kupasuka kwa joto, na maziwa ya mama yaliyokuwa yakipungua. Kisha akayakumbuka maji yote aliyoyamwaga kwenye mikonge. Machozi yakamtoka akiwa njiani, wala hakuweza kuyafuta kwa sababu ya ndoo.

Alipofika nyumbani aliiweka ndoo chini, akaenda nyuma ya shamba, akaushika mkonge wa kwanza kwa mikono mitupu. Ukamchoma. Akavuta. Mizizi ilikuwa bado michanga, ukatoka. Akaushika wa pili.

"Sindano! Umepagawa?" Baba alikuja mbio, mkono umeinuliwa juu. Alipoiona damu viganjani mwa bintiye, mkono ukashuka wenyewe.

"Wanalizungushia lambo vigingi, baba. Nimewaona." Alikuwa akilia kwa kwikwi. "Mikonge nimeinywesha maji ambayo mtoto atayakosa."

Baba aliketi juu ya tuta kama mtu aliyekatwa miguu.

"Nikienda kusema, nitaitwa mwizi mbele ya kijiji kizima," alisema.

"Nisamehe, baba. Lakini fundi anajua. Mimi najua. Mama anajua. Tunamficha nani?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. "Mtoto amesema, baba Sindano," akasema. "Sisi tulinyamaza."

Baba akainuka, akachukua jembe. Aliing'oa mikonge yote, mmoja baada ya mwingine, akaenda kwa mwenyekiti na kumwomba awaite watu pamoja na mpima. Walipokusanyika njiani, alivua kofia.

"Mikonge niliipanda mimi, wala si marehemu baba. Nilimsingizia mtu asiyeweza kujitetea. Mpaka wangu wa kweli ni pale penye tuta la zamani. Nawaomba radhi, na wewe jirani yangu nakuomba radhi."

Minong'ono ikavuma. "Leo jogoo ametaga!" mtu mmoja akapiga kelele nyuma, na wachache wakacheka. Baba hakuinua kichwa. Fundi seremala alimtazama, akautazama ukuta wake, akajikuna shingo.

"Haya mawe ni mazito," akasema kwa sauti ya chini. "Sitayamaliza peke yangu."

Baba ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinama na kubeba jiwe. Wengine wakafuata. Kabla jua halijachwa, njia ilikuwa pana kama zamani, na mpima ardhi alikuwa ameipima hadi lamboni. Ramani ilibandikwa ofisini kwa wote kuiona, na hapakuwa na jirani aliyeipinga. Ombi la mfanyabiashara lilikataliwa, kwa kuwa ardhi ile ilikuwa na wenyewe, na njia yao ilionekana. Vigingi vikang'olewa.

Mavuno ya nyumba ya Sindano yalikuwa haba mwaka ule, na siku nyingine walilala na uji mwepesi. Lakini maji hayakukosekana.

Siku hati ilipoletwa, mwenyekiti aliwaita watoto wote mbele, akawainulia waione.

"Wanangu, karatasi hii itatulinda dhidi ya mtu wa nje. Dhidi ya tamaa yetu wenyewe haina nguvu. Huko tunalindwa na ukweli tu. Wazee tutakufa, ninyi ndio mtakaobaki na mipaka. Basi siku mtakapoulizwa, semeni mlichokiona, hata kama anayewakataza ni baba zenu."

Kutoka katikati ya umati, baba yake Sindano akaitikia kwa sauti iliyosikika na wote:

"Hasa kama ni baba zao."