Gunia Mkononi mwa Mlinzi

Mlinzi wa tuta alikutwa amekufa, kifudifudi kwenye tope, mkono umeng'ang'ania gunia. Juu yake, lile tuta la udongo lililojengwa kuzuia mmomonyoko korongoni lilikuwa limekatika katikati. Mvua ilifagia kila kitu. Nyayo hakuna, alama za vidole ndiyo usiseme.

Inspekta alichoka kabla hajaanza. Mkuu wake hakuacha kupiga simu: mshtaki fundi kwa uzembe, faili lifungwe. Fundi aliyejenga tuta alikuwa tayari mahabusu, na kijiji kilishamhukumu.

"Udongo uliushindilia?" inspekta alimuuliza.

"Tabaka kwa tabaka, afande. Na pembeni niliacha mfereji, mvua ikizidi maji yapite huko."

"Mbona yamepita juu ya tuta?"

"Nenda kautazame mfereji."

Jeuri tupu, lakini inspekta alikwenda. Mfereji ulikuwa umezibwa kwa magunia ya mchanga, yamepangwa kama matofali. Moja la juu lilikuwa limeng'olewa. Kumbe marehemu alikuwa akizibua. Sasa nani aliziba? Aliuliza nyumba kwa nyumba. Sijui, afande. Sikuona, afande. Alitamani awaweke ndani wote.

Midomo ya magunia ilishonwa kwa uzi wa kijani, mishono miwili miwili. Alirudi chumba cha maiti akalitazama tena shati la marehemu. Kola ilikuwa imeshonwa kwa uzi uleule, mishono miwili miwili.

Mjane alimpokea kibarazani.

"Pole, mama. Shati la mzee nani alilishona?"

"Mimi."

"Na magunia?"

Mjane aliinamisha kichwa.

"Mvua ikikata, maji yote yanaondoka, naanza tena safari ya kisimani na ndoo kichwani. Shingo imeisha, baba. Nilitaka yabaki hapa. Yeye alinikatalia, akasema tuta hili ni la kuyapunguza maji kasi, si la kuyaweka. Nikaziba siku aliyosafiri."

"Jana aligundua?"

"Alikwenda kutazama, akarudi kuchukua koleo. Hakunigombeza. Aliniambia tu, 'Ukiulizwa, hujui kitu.'"

Mikono ya inspekta bado ilijaa tope la mfereji hadi kwenye viwiko. Aliona ndoo iliyofunikwa mlangoni, akaomba anawe.

"Hayo hapana," mjane alisema. "Nimeyafuata kisimani leo. Ni ya kumuoshea."

Inspekta akajifuta kwenye suruali, akapiga simu kituoni fundi aachiwe.