Hazama Kwenye Glasi ya Maziwa

Jumamosi, siku moja baada ya Rakhi, sikukuu ambayo dada humfunga kaka yake uzi mkononi, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Sukhvati aliingia chumbani kwa mumewe na kikombe cha chai akamkuta amekufa. Hakupiga ukunga. Alikiweka kikombe sakafuni, akatoka uani, akamwambia shemeji yake Kamod, "Njoo umtazame kaka yako. Amepoa."

Inspekta Nirmala Athya alifika kijijini Lohargaon saa mbili kasorobo. Mvua ilikuwa imeifanya barabara matope matupu. Alikuwa na Koplo Dubey, mwenye miaka kumi na mmoja katika kituo kile na maoni yake kuhusu kijiji.

"Afande, huku hakuna cha kupeleleza," Dubey alisema wakishuka kwenye gari. "Ni Wabedia hawa. Dada anakesha na madereva, kaka anakula na kulala. Wakiuana, ni hesabu zao."

"Umeleta glavu?"

"Nimeleta."

"Basi vaa."

Halke alikuwa mtu wa miaka arobaini, mnene. Alilala chali kwenye kitanda cha kamba, povu limemkauka pembeni mwa mdomo. Mkononi hakuwa na uzi wa Rakhi. Dada yake pekee, Phoola, aliyekuwa akimfunga uzi huo kila mwaka, alikufa kwa homa huko Nagpur miaka miwili iliyopita. Chini ya kitanda kulikuwa na glasi ya chuma yenye maziwa kidogo yaliyoganda. Yalinuka kitunguu saumu, na Nirmala aliijua harufu ile: vidonge vya kuhifadhia ngano. Kila nyumba wilayani ilikuwa navyo.

Aliinamisha glasi. Kitu kikagonga chuma. Ilikuwa hazama ya dhahabu, pete kubwa ya pua, yenye shanga mbili nyekundu.

Dubey alijikohoza. Hakuna askari wa wilaya ile asiyejua maana yake. Katika nyumba hizi binti ama huolewa, ama hulisha nyumba. Hafanyi yote mawili. Wa kulisha nyumba huvishwa hazama, na mwanamume anayelipia kuivua huwa wa kwanza. Baada ya hapo haolewi maisha yake yote. Wake za kaka zake huletwa kutoka mbali, kwa mahari inayotokana na kazi yake. Wake hao hawaguswi na mteja yeyote, na hutembea wamefunika uso.

"Nyumba hii ina binti?" Nirmala aliuliza.

"Mmoja. Mithlesh, mtoto wa marehemu Phoola. Miaka kumi na minane. Hiyo hazama ni yake, afande. Kesi imekwisha kabla ya chai."

"Chai hutakunywa hapa hata hivyo."

"Kwenye nyumba hii? Hapana."

Nirmala alianza na mjane. Sukhvati alikaa kizingitini, bangili zake bado zimo mkononi kwa kuwa hakuna aliyekuwa amekuja kuzivunja, kama mjane afanyiwavyo.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Kwa kaka yangu, kumfunga uzi. Nilikuwa nilale huko. Mchana wakasema maji yamefika darajani, nikapanda basi la mwisho. Nimeshuka hapa saa mbili kasorobo usiku. Giza tupu, umeme umekatika. Nikachungulia, nikamwona amelala, nikajua amelewa. Nikalala jikoni."

"Hukumpa maziwa?"

"Mtu amelala nimpe maziwa ya nini?"

Wakati huo mzee mmoja wa ukoo aliingia uani kutoa pole. Sukhvati aliikunja ncha ya sari ndani ya ngumi na kuishusha mpaka kidevuni. Mzee alinong'ona maneno mawili matatu, akaondoka. Sukhvati akaifunua, ingawa Kamod alikuwa bado amesimama palepale, hatua mbili kutoka kwake.

Kamod alikuwa na miaka ishirini na saba na hakuwa na kazi inayojulikana.

"Nilikuwa barazani, nimelala na njaa, kibatari kando," alisema. "Shemeji akapita na glasi, anaingia kwa kaka."

Sukhvati aligeuka polepole. "Mimi?"

"Nani mwingine? Sari yako ya kijani."

"Saa ngapi?" Nirmala aliuliza.

"Sina saa, afande. Kabla umeme haujarudi. Ulirudi saa mbili na nusu."

"Uso wake uliuona?"

"Alijifunika. Alishika ncha kwa vidole viwili, akaisogeza mbali na uso hivi, aone njia." Kamod alionyesha, kiganja kimegeukia nje. "Nikamtania. Nikamwambia, 'Shemeji, kaka yako amekufukuza? Umemmalizia unga?' Akapita kimya."

"Kwa kawaida hujibu?"

"Sukhvati? Akikosa la kujibu hunipiga na mwiko."

"Na leo ningekupiga," Sukhvati alisema. "Ile sari niliiacha hapa kwenye kamba. Kwa kaka nilikwenda na ya njano, hii niliyoivaa."

Nirmala alimwambia Dubey aitafute sari ya kijani. Ilikuwa kambani, imefuliwa, imelowa.

Mithlesh alihojiwa kwenye ghala la ngano, kwa sababu ndiko alikokuwa amekaa, mkoba wake wa safari miguuni. Alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi cha Sagar.

"Unatakiwa kuripoti lini?"

"Jumatatu, saa nne asubuhi. Nisipofika, nafasi anapewa anayefuata."

"Mjomba wako alisemaje?"

"Alisema Jumatatu ana mgeni. Yule mkandarasi wa mchanga. Ndiye aliyeleta hazama, ndani ya boksi la peremende. Mjomba aliiweka kwenye rafu ya miungu, jikoni. Kila nikipika ninaiona."

"Mligombana?"

"Alhamisi. Kijiji kizima kilisikia."

"Chakula chake jana alipewa na nani?"

"Na mimi, mkewe hakuwepo. Roti na mboga, saa kumi na mbili jioni. Alikula, akaagiza pilipili."

"Ulimuua?"

"Hapana."

"Ulitaka afe?"

Msichana alifikiri kama anayefanya mtihani. "Nilitaka Jumanne ifike, yeye awe hai na mimi niwe sipo."

Wa mwisho alikuwa mama wa marehemu, Imarti Bai, mwenye miaka sitini na miwili. Alikuwa jikoni akichambua dengu. Ukutani ilitundikwa picha yake ya zamani: mwanamke kijana katika duara la mienge, sketi imefunguka kama mwavuli, akicheza rai, ngoma ya wanawake wa Kibedia. Uso umefunikwa, mkono mmoja umeinuliwa usawa wa shavu. Aliwaletea maji. Dubey alitazama pembeni. Nirmala alikunywa kwa sababu alikuwa na kiu.

"Huyu namjua," Imarti alisema, akimwonyesha Dubey kwa kidevu. "Maji yetu hayamshuki."

"Amma," Nirmala alimwita, yaani mama, "jana jioni ulikuwa wapi?"

"Hapa. Mimi kwangu ni jikoni, giza likiingia naenda kulala."

"Ulimpelekea Halke maziwa?"

"Halke tangu Jumatano hali cha mkono wangu. Nikimtengea anamwagia mbwa."

"Kwa nini?"

"Nilimwambia amwache mtoto aende shule. Akasema nimezeeka vibaya."

Alirudi kwenye dengu zake. Nirmala alitazama picha, akatoka nje.

Saa nane mchana mkuu wake alipiga simu kutoka mjini. Mkandarasi alikuwa amempigia yeye kwanza, akilalamika kuhusu hazama yake. Mkuu alisema hazama ni ya msichana, ugomvi ni wa msichana, na vidonge viko kwenye ghala analokaa msichana. Aletwe kituoni leo. Dubey, aliyesikia upande mmoja tu wa mazungumzo, alikwisha kumshika Mithlesh mkono na kumwelekeza kwenye gari. Majirani walisimama ukutani.

"Si mlisema huyu ni wa sindano?" mmoja alisema. "Naam, ameanza kutibu."

Wachache walicheka. Mithlesh aliubeba mkoba wake. Hakulia.

"Koplo, msimamishe hapo," Nirmala alisema. "Nina maswali mawili. Sukhvati, mbele ya nani hufunika uso?"

"Mbele ya wazee wa mume wangu. Wakubwa zake wote."

"Na mbele ya Kamod?"

Sukhvati karibu acheke. "Huyu? Ni mdogo wa mume, shemeji wa utani. Nimemfulia suruali tangu ana miaka kumi na miwili. Nimfunikie nini?"

"Kamod, amewahi?"

Kamod alimgeukia Sukhvati. "Hapana," alisema. "Hata siku moja."

"Basi aliyepita barazani hakuwa shemeji yako. Alikuwa mtu aliyevaa sari yake. Swali la pili. Nani alihitaji kuvaa sari ya mtu mwingine ili Halke apokee maziwa? Mithlesh alimpelekea roti kwa uso wake, akala na kuagiza pilipili. Angeweza kumpelekea maziwa vivyo hivyo."

Nirmala aliitoa kambani ile sari ya kijani, bado mbichi, akampa Sukhvati. "Funika uso kama unavyofunika."

Sukhvati aliishika kwa ngumi, akaivuta chini ya kidevu. Mithlesh alipopewa, nguo ilimteleza mara mbili ikaangukia mabegani. Tangu azaliwe hakuwa amefanya jambo hilo. Kisha Nirmala akaishika mwenyewe bila kumpa mtu.

Imarti Bai alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Alimtazama mjukuu wake kando ya gari, na mkono wa Dubey juu ya bega lake. Akaja mpaka katikati ya ua.

"Lete," alisema.

Alijitanda. Vidole viwili vilichukua ncha, vikaisogeza mbali na uso, kiganja kimegeukia nje, usawa wa shavu. Mke hufunika uso asitazamwe. Mchezaji wa rai hufunika ili atazamwe. Mkono ule haukujua namna nyingine. Ulikuwa mkono wa kwenye picha.

"Amma," Kamod alisema. Akakaa chini kwenye matope.

"Mwondolee mtoto mkono," Imarti alimwambia Dubey kutoka ndani ya sari. Kisha akaivua, akaikunja vizuri, akampa Sukhvati. "Samahani, mwanangu. Nilijua umelala kwa kaka yako, na mashahidi kijiji kizima. Sikujua kuhusu daraja. Asubuhi nilipokuona jikoni niliona nimekuharibia."

"Ungeniambia," Sukhvati alisema.

"Ningekuambia nini?"

Nirmala alifungua daftari. "Eleza, Amma. Polepole."

"Hakuna marefu. Mimi nilivishwa hazama na mama yangu. Phoola nilimvisha mimi, kwa mikono hii, akalisha watu sita miaka kumi na saba. Alipokufa Halke hakuniuliza alikufaje. Aliuliza, 'Sasa nani?' Bibi ndiye humvisha binti, ndiyo mila. Jumatano akaniletea boksi la peremende nimvishe mtoto. Nikakataa. Akasema atamvisha yeye."

"Hazama uliitia wewe?"

"Alinunuliwa nayo yeye, si mtoto. Nilimrudishia. Nilifikiri atakayeiona ataelewa."

"Walioiona walimkamata Mithlesh."

"Ndiyo," Imarti alisema. "Nilikosea watu."

"Kwa nini hukuja kituoni?"

"Nilikuja. Jumatano hiyohiyo, baada ya kugombana naye. Huyu alinikalisha nje hadi jioni. Kisha akaniambia hayo ni ya mila, polisi hawaingilii, nirudi nikapike."

Nirmala alimgeukia Dubey. Dubey alikuwa akivua glavu, kidole kimoja kimoja, na kazi hiyo ilimchukua muda mrefu.

"Ni kweli, Koplo?"

"Huja wengi, afande," alisema.

Nirmala aliliandika jibu hilo pia, neno kwa neno, na jina la aliyelitoa.

Kabla hawajaondoka, Kamod alisimama. Sasa yeye ndiye mwanamume wa nyumba, na alijaribu sauti ya kazi hiyo. "Jumatatu haendi mtu popote. Tuna msiba. Siku kumi na tatu."

"Mimi nitampeleka," Sukhvati alisema. "Mpaka getini."

"Wewe mjane. Watu watasema."

"Waongezee kwenye yale wanayosema." Alimpokea Mithlesh ule mkoba na kuupeleka ndani, usilowe.

Mithlesh alisogea karibu na gari. Hakujua pa kuweka mikono. "Bibi," aliita.

"Ukifika huko kula," Imarti alisema. "Usiwe kama mama yako, alikuwa hali akiwa na mawazo."

Gari lilipofika njia ya kijiji, watu walikuwa wamejaa pande zote mbili, wakubwa kwa watoto. Huko nje, mtuhumiwa hufunikwa uso. Hata askari mkali humpa heshima hiyo. Dubey alivuta kitambaa chini ya kiti na kukinyoosha nyuma, bila kumtazama aliyempa.

"Jifunike, Amma. Wanatazama."

Imarti Bai alikipokea, akakiweka magotini.

"Waache," alisema. "Wamezoea."