Mjomba, Niende?

Muuza maziwa alikuwa amelala kifudifudi mbele ya gari la shule ya udereva, baiskeli yake ikiwa hatua nne kando. Madumu mawili yalikuwa yamepasuka na maziwa yamefuata mteremko hadi mtaroni. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na daktari wa polisi alikuwa ameshavua glavu.

"Kichwa," alisema daktari. "Hakuchelewa kukata roho."

"Hilo nitamwambia mkewe," alisema Inspekta. "Ndilo jema pekee nitakalokuwa nalo."

Kituo kizima kilimwita Inspekta huyo Koma. Alikuwa na ugonjwa wa kusoma maelezo ya mashahidi na kalamu nyekundu mkononi, akisahihisha hata ya wezi sugu. Askari wapya walidhani jina lile ni karipio, na hawakuwa mbali na ukweli.

Alilizunguka gari polepole. Kibao cha MWANAFUNZI juu ya paa, pedali za breki pande zote mbili, ya mwanafunzi kulia na ya mwalimu kushoto. Alama za matairi barabarani zilianza baada ya mahali alipogongwa marehemu, si kabla. Kisha akafungua mlango wa kushoto. Kiti cha mwalimu kilikuwa kimelazwa kabisa, kama kitanda.

Dereva alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, ameketi ukingoni mwa barabara, mikono imebanwa magotini. Sajini alikuwa amempulizisha kipima ulevi. Sifuri.

"Nilikuwa peke yangu," alisema kabla hajaulizwa. "Nilichukua gari la mjomba bila ruhusa. Nina mtihani wa leseni wiki ijayo."

Kituoni aliandika maelezo yake mwenyewe, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyesoma. Alikuwa amehitimu uuguzi na anangoja barua ya kupangiwa hospitali. Akitiwa hatiani kwa kifo cha mtu, barua hiyo angeisikia kwa wenzake tu. Alijua, na bado aliandika.

Koma alisoma mara moja. Aliporudia, kalamu nyekundu ilisimama.

"Umeandika hapa: 'Nilisimama kwenye mstari, nikatazama kulia, nikaondoka, tukasikia kishindo.' Tukasikia. Wewe na nani?"

"Nimekosea, afande."

"Kurasa mbili hujakosea hata nukta."

"Ni mshtuko tu."

"Na kiti cha kushoto nacho kililala kwa mshtuko?"

Msichana alitazama dirisha, machozi yakamtiririka bila sauti, na Koma akamsogezea maji.

Nje Sajini alikuwa na jibu tayari. "Mjomba ndiye aliyekuwa anaendesha, afande. Nimepekua faili. Miaka miwili iliyopita alitiwa hatiani kwa kuendesha akiwa amelewa. Alinyang'anywa leseni mwaka mzima, na kibali cha kufundisha kikafungiwa muda huo huo. Kosa la pili ni jela, na leseni harudishiwi tena. Binti anambebea msalaba."

"Huenda," alisema Koma. "Mtafute kwanza yeyote aliyekuwa pale njia panda."

Hawakuhitaji kumtafuta mjomba. Saa tatu alikuja mwenyewe, suruali imepigwa pasi, pipi ya mnanaa ikizunguka mdomoni.

"Nimekuja kuripoti, afande. Mpwa wangu ameniibia gari."

Koma alimkaribisha kiti. Mnanaa ulijitahidi, lakini haukufua dafu. Harufu ya pombe iliwahi kufika mezani.

"Puliza hapa."

Kipimo kilizidi kiwango cha sheria, na kwa mbali.

"Nimekunywa kidogo asubuhi hii," alisema mjomba haraka. "Kwa mshtuko."

"Mshtuko wa kuibiwa gari?"

"Ndiyo."

"Jana je?"

"Jana tulikuwa na sherehe ya rafiki. Nikarudi, nikalala. Mtu akilala si inaisha?"

"Haiishi. Saa zinapita, hiyo pombe inabaki kwenye damu."

Mjomba alitabasamu kama mtu aliyesikia jambo lisilomhusu.

Wakati huo Sajini alirudi na mama mmoja mfagiaji wa barabara, ufagio bado mkononi. Alikataa kuuacha mlangoni. Alisema vitu vya kituo cha polisi huwa vinapotea.

"Hebu tueleze, mama," alisema Koma, aliyekuwa ametoka ukumbini kumsikiliza.

"Gari lilikuja taratibu, likasimama pale kwenye mstari. Vioo viko chini. Binti ndiye aliyeshika usukani, mwanangu, macho yangu hayana tatizo. Kushoto kwake kuna lile bango kubwa la mafundi, kwa hiyo upande huo haoni. Nikamsikia anauliza, 'Mjomba, kushoto kupo sawa? Niende?' Kimya. Akauliza tena, 'Mjomba, niende?' Akaitikiwa."

"Akaitikiwa vipi?"

"Mh."

"Mh ya ndiyo, au mh ya hapana?"

"Mh tu. Gari likaondoka, yule baba wa watu akatokea na maziwa yake. Halafu nikaona mwanamume anashuka kushoto, anakwenda zake, koti kichwani."

Sajini aliinamisha macho. Jibu lake lilikuwa limekwenda na maji.

Koma alirudi chumbani alikomwacha mjomba na kufunga mlango.

"Shuleni kwako mwanafunzi hufanya nini njia panda?"

"Anasimama. Anauliza 'Niende?' Haondoki mpaka mwalimu aitikie." Maneno yalitiririka kwa mazoea, na fahari kidogo ikamtoka. "Miaka kumi na moja, hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kugonga."

"Na kushoto anatazama nani?"

"Mwalimu. Yeye ndiye aliyeko upande huo."

"Leo alipokuuliza mara mbili, ulitazama?"

Pipi ilikoma kuzunguka mdomoni.

"Mfagiaji alikuona unashuka. Na sheria unaifundisha mwenyewe: anayemsimamia mwanafunzi ndiye dereva. Ukilewa kwenye kiti kile, umeendesha ukiwa umelewa. Nakuuliza tena. Ulitazama?"

"Sikumsikia," alisema mjomba hatimaye. "Nililaza kiti nikafumba macho. Nilisema dakika mbili tu. Kilichonizindua ni kile kishindo."

"Na ile 'mh'?"

"Mh ipi?"

Hasira ilimpanda Koma, akaiacha ipite, kwa sababu kalamu ilikuwa na kazi.

Baada ya hapo yalimtoka yote. Msichana ndiye aliyemwambia aondoke. Mjomba alimlea tangu mama yake alipofariki, akamsomesha, na binti alijua kosa la pili lina maana gani: jela, shule kufungwa, walimu watatu kumwaga unga. Pale njia panda alidhani kwake itakuwa ajali ya mwanafunzi tu. Mjomba alimwacha adhani hivyo.

"Na hilo la kukuibia gari?"

"Niliogopa." Alifunika uso. "Niliona nikisema nilimpa ruhusa, mtaniuliza nilikuwa wapi."

Alitia sahihi. Koma akaenda kumsomea msichana yale maelezo, neno kwa neno. Msichana alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hakutazama," alisema.

"Alikuwa anakoroma."

"Nilijua amelewa. Lakini nilisikia akisema niende. Nikajua ameona."

"Nitamwandikia mwendesha mashtaka kwamba ulisimama, uliuliza, ukaitikiwa. Uamuzi ni wake. Lakini maelezo yako ya kwanza uyafute, uandike ya kweli."

Aliandika. Safari hii kila "tu" ilikuwa mahali pake.

Walipokutana ukumbini msichana alikuwa amepewa dhamana, na mjomba alikuwa na pingu. Mjomba alisimama, askari akamruhusu.

"Mama," alisema, kama alivyozoea kumwita mpwa wake tangu akiwa mdogo. "Utanisamehe?"

Msichana alitazama chini. Mjomba alingoja, askari wakangoja, na mfagiaji naye akangoja, ufagio mkononi.

"Mama, utanisamehe?" aliuliza tena.

"Mh," alisema msichana, akapita kwenda kumtafuta mke wa muuza maziwa.