Miale Iliyoshuka Chini ya Sakafu

Jua la asubuhi liliingia dirishani. Nyuzi nyepesi za kitambaa zilielea kwenye mwanga. Mshonaji alikuwa ameshaketi kwenye cherehani yake. Mama mkwe wake, aliyelala chumba hichohicho, alikuwa bado kitandani, macho wazi.

"Mwanangu, nyumba imehema tena," alisema.

"Imehemaje, mama?"

"Polepole. Kama mtu anayeota."

Mshonaji alitazama chini. Ufa ulianzia mlangoni, ukapita chini ya kitanda. Mumewe, seremala, alikuwa ameuziba kwa saruji mara tatu, na mara tatu ulirudi. Sasa alitaka kujenga ghorofa juu ya chumba hicho. Matofali yalikuwa tayari uani.

"Huo ni mkwaruzo tu," alisema seremala alipoingia na kumkuta akiutazama. "Nyumba ni nzima."

"Na mama analala juu ya huo mkwaruzo?"

Seremala alitoka kwenda kuhesabu matofali yake.

Mshonaji alivuka barabara kwenda kwa rafiki yake, jirani yao. Mama huyo alifanya kazi ya kupima ardhi. Mtaani walimwita Sikio, kwa sababu alisikiliza ardhi, na pia kwa sababu hakuna umbeya uliompita.

Jumamosi Sikio alikuja na wenzake wawili. Walipanga vyombo vidogo vya kusikilizia kwa mstari, kutoka uani, kupitia chumbani, hadi nyuma ya nyumba. Kisha mmoja wao akapiga bamba la chuma kwa nyundo kubwa. Du! Mama mkwe alisikia mtetemo ukipita kwenye nyayo zake, ukazama.

"Mtetemo huo unakwenda wapi?" aliuliza.

"Unashuka, mama. Ukigonga mwamba au shimo, sehemu yake hurudi juu. Vyombo vyetu vinaupokea."

Jioni Sikio aliwaonyesha picha kwenye kompyuta. Ilikuwa ya kijivu, kama ukungu.

Seremala alicheka. "Shemeji, umepiga picha ya moshi wa jiko! Jumatatu naanza kujenga."

"Nipe siku mbili, shemeji. Mawimbi yamerudi kutoka kila upande, yamechanganyika. Watu mia wakisema pamoja, utamsikia nani?"

"Sasa utafanyaje?"

Sikio alichukua tochi, akaikaza hadi mwanga ukawa mwembamba. "Kompyuta itatenga mawimbi yaliyotoka upande mmoja. Itayakusanya yawe mwale mwembamba, kama huu. Kisha itaurudisha mwale chini kwa njia uliyojia, hadi pale ulipogonga. Halafu mwingine, na mwingine. Miale mingi ikikutana mahali pamoja, hapo picha inang'aa."

Mshonaji alifumba macho. Alijiona akishuka na mwale, akipita saruji, mchanga, udongo mwekundu, taratibu, hadi kwenye ukimya.

Jumatatu Sikio alirudi. Safari hii picha ilikuwa na mistari safi. Upande wa nyuma ya nyumba, mwamba ulilala sawasawa. Lakini chini ya chumba mistari ilipinda, ikazunguka kitu kama yai kubwa.

"Nadhani ni shimo," alisema Sikio kwa sauti ya chini. "Liko kama mita tatu chini. Picha si macho, lazima tutoboe tuhakikishe. Ila mama asilale hapa tena."

"Mimi sihami!" alisema mama mkwe. "Marehemu mume wangu aliniacha kwenye chumba hiki."

Seremala alipiga magoti mbele yake. "Mama, nilikuwa napanga kuweka ghorofa juu yako. Nisamehe. Twende."

Mama mkwe alimtazama mwanawe. Kisha akanyoosha mkono ashikwe.

Kesho yake mafundi walitoboa sakafu, wakiwa wamejifunga kamba. Chuma kilishuka kwa shida, mita moja, mbili. Karibu na ya tatu kikaponyoka, kikazama bila kugusa kitu. Hewa baridi ikatoka tunduni, ikawapuliza usoni.

Walipochimba, walikuta bomba la maji lililopasuka. Kwa miaka mingi maji yake yalikuwa yakisomba udongo kimyakimya. Walilitengeneza, wakajaza shimo zege laini, wakapima upya. Picha ikaonyesha pamejaa.

Ghorofa haikujengwa. Seremala alijenga chumba kipya nyuma, juu ya mwamba. Asubuhi ya kwanza mshonaji alimkuta mama mkwe bado amelala, mdomo wazi, anakoroma.

"Mama, kumekucha."

"Niache kidogo," alinong'ona bila kufumbua macho. "Huku chini kumetulia."