Zizi la Mzee Shigela

Soko la Mwanjelwa lilikuwa limefurika. Didas, mpima barabara mwenye buti zenye vumbi, aligeuka kwa haraka, begi lake likapiga beseni la Veronika na mchele ukamwagika.

"Kaka, huo ni mchele wa Usangu. Utauokota punje kwa punje," alisema Veronika, sweta jekundu juu ya gauni la kitenge, mikono kiunoni.

"Nitaununua wote, dada."

"Na nani atakupikia?"

Tangu hapo simu hazikupoa. Didas alikuwa kambini karibu na Igawa, akipanga njia ya malori ya kubeba mapanga ya mitambo ya umeme wa upepo. Mapanga yale ni marefu mno, yanahitaji kona pana. Veronika alimwita Mzee wa Upepo. Yeye alimwita mke wangu, na Veronika hakukataa.

Jioni moja Veronika alipiga huku analia. "Didas, greda limesawazisha zizi letu la zamani. Baba, Mzee Shigela, kazikwa mle. Sisi Wasukuma, mwenye mji tunamzika zizini kwake. Nani kafanya hivi?"

Kona iliyopita kwenye zizi lile aliipima Didas. Kwao Iringa kaburi lina msalaba, na pale hapakuwa na msalaba. Lakini mchunga ng'ombe mmoja alikuwa amemwambia kuna mzee kalala humo, naye, kwa kuogopa kuchelewesha malori, akapigilia vigingi vya barabara palepale.

"Mtandao unasumbua," alisema, akakata.

Hakupokea simu tena. Veronika akapanda basi mpaka kambini.

"Nitajie tu jina lake huyo mwanamke."

"Hakuna mwanamke, mpenzi. Kona ya zizini kwenu niliipima mimi."

Veronika alimtazama kama mtu asiyemjua. "Twende ukamwambie mama."

Mama alimsikiliza akiwa ameketi kando ya udongo uliosawazishwa. "Kwenu mnaweka msalaba," alisema taratibu. "Hukujua, mwanangu."

Veronika alishusha pumzi, akamshika Didas mkono. Angenyamaza tu, mke angempata. Lakini alimgeukia mama.

"Nilijua, mama. Niliambiwa, nikapitisha barabara."

Veronika aliuachia mkono wake.

"Kakate miiba," alisema mama hatimaye. "Zizi linajengwa upya. Barabara yenu itafute pa kupita."

Didas alikata miiba mpaka viganja vikatoka damu. Jua lilipoinama, Veronika alimletea maji. Alikiweka kikombe chini, hakumpa mkononi, lakini hakuondoka mpaka alipokunywa.