Vyuma Vifupi vya Kavugho

Wewe unayesoma, umeshamwona mtu anaendesha baisikeli huku goti lake linataka kumgonga kidevu?

Kavugho alikuwa hivyo asubuhi ile, mbele ya karakana ya Rachidi karibu na soko kuu la Kisangani, mwaka uliofuata vita vya siku sita vilivyoupiga mji huo. Baisikeli ilikuwa ile kubwa nyeusi ya mizigo. Kiti kimeshushwa mpaka mwisho, pedali zimefungiwa vibao, na bado kila pedali ilipopanda, kiuno cha msichana kilipinda, baisikeli ikayumba. Akaanguka ubavu kwenye vumbi.

Vijana wa toleka, wale wanaobeba abiria kwa baisikeli, wakapasuka kwa kicheko.

— Kavugho, rudia kwa mama yako akumalizie miguu! akapiga kelele Chance, mmoja wao.

— Na weye rudia akumalizie akili, Kavugho akajibu, akijipangusa.

Tonton wake Kataliko, mjomba wake mwenye duka la nafaka, hakucheka.

— Bon. Umejaribu. Mashua hazifiki tena, camion za mizigo haziko, duka yangu inaishi kwa velo. Kama hauwezi kufika Bengamisa kuleta muchele, Ijumaa ijayo unapanda ndege. Kule Butembo kuko bwana anakungojea.

— Tonton, unipe mpaka Alhamisi. Nikileta gunia moja, nibaki.

— Moja. Na miguu yako mwenyewe.

Tonton alipoondoka, Rachidi alikuwa amepiga magoti kando ya baisikeli. Huyo fundi alitoka Kasongo, kule Maniema, na maneno yake yalikuwa machache kama chumvi wakati ule.

— Panda, nitashika velo. Geuza polepole. Simama hapo.

Pedali ilikuwa juu kabisa, goti limefika kifuani. Rachidi akagusa ule mkono wa chuma unaoshika pedali.

— Angalia. Hii mukono njo inazungusha muguu. Ikiwa murefu, goti inapanda mpaka huku. Banashusha kiti, banaongeza bibao, lakini hii hakuna mutu anaigusa.

— Donc shida ni ufupi wangu.

— Hapana. Weye hauko mufupi. Chuma njo iko murefu.

Kavugho akakiangalia kile chuma. Miaka ishirini na miwili watu walikuwa wakiilaumu miguu yake. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukilaumu chuma. Akamtazama fundi yule kwa mshangao, kama anamwona leo tu.

— Fupi zinapatikana wapi?

— Hapa haziko. Ya velo ya mutoto ingeingia. Nitatafuta.

Akampa kipande cha mpira wa gurudumu ajipimie mwenyewe, toka nyonga mpaka kisigino, maana hakuthubutu kumgusa. Kavugho akafunga fundo penye goti. Rachidi akakikunja kipande kile taratibu, akakitia kwenye mfuko wa shati, akafunga karakana, akaondoka.

Siku ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu Tonton akaleta karatasi kutoka kwenye phonie, ile redio ya kuzungumza na watu wa mbali:

"BWANA HARUSI TAYARI. KAVUGHO APANDE NDEGE IJUMAA. MSIKOSE."

— Rachidi wako amekimbia, Chance akamchokoza. Anakuogopa kuliko risasi.

— Si wangu, Kavugho akasema, na uso ukamwaka moto.

Jumanne asubuhi Rachidi akatokea, pekupeku, matope mpaka magotini. Alikuwa amefika Ubundu, kando ya reli iliyomezwa na majani.

— Viatu viko wapi?

— Baaskari balichukua. Velo baliniachia.

Akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na mikono miwili ya chuma, na ule wa kuume umeshikana na gurudumu dogo la meno. Mjane mmoja, Félicité, alikuwa na baisikeli ya mtoto iliyoachwa na watu wa reli. Rachidi alimtengenezea cherehani yake, naye akamwachia vyuma. Fundi akaviweka vipya kando ya vya zamani.

— Vidole viwili tu ndiyo tofauti.

Vidole viwili! Rachidi akavifunga, Kavugho akapanda. Goti likainuka, likaishia chini ya kiuno, likashuka lenyewe. Kiuno kilitulia. Akalizunguka soko lote, na wauza pondu, majani ya muhogo, wakasimama na mafungu mikononi. Chance akavua kofia.

— Mama na ngai, mama yangu! Ni yeye?

Jumatano alfajiri akaondoka kwenda Bengamisa. Alhamisi saa tisa alasiri watu walikuwa wamejaa kwenye daraja la mto Tshopo. Wakamwona anakuja, mgongo wima, nyuma yake gunia la mchele kubwa kuliko yeye, magoti yakipanda na kushuka kama sindano ya cherehani. Mama mmoja akafanya ishara ya msalaba. Tonton Kataliko akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

— Mungu wangu. Bon, ndege iende bila weye. Lakini niambie ukweli, mutoto wangu. Hapa ni mabomu na njaa, kule nyumba ya matofali. Muchele tu njo inakubakisha?

Rachidi alikuwa ameinama, anakagua pedali, kana kwamba hasikii.

— Hapana, Tonton. Miye namutaka Rachidi.

— Huyu Muislamu?

— Ndiyo, Tonton. Huyu.

Kataliko akavuta pumzi ndefu.

— Na yeye anakutaka? Sijasikia neno yake hata moja.

Watu wote wakamgeukia Rachidi. Maji yalinguruma chini. Rachidi akainuka polepole, akajipangusa grisi mikononi.

— Nakutaka, Kavugho, akasema. Toka zamani.