Kengele ya Kuthibitisha Uko Macho

Haya yalimpata rafiki yangu, mtu asiyeweza kutunga hata kisingizio cha kuchelewa kazini. Yeye husimamia lori la mgodini akiwa ofisini, juu ya ardhi. Lori halina dereva. Hujiendesha lenyewe handakini, naye hulisimamisha kwa breki iliyo mezani akiona mtu kwenye skrini. Kila dakika tano kengele hulia, abonyeze kitufe mezani kuthibitisha kwamba yuko macho. Asipobonyeza, lori husimama na barua ya onyo huandikwa. Alikwisha kupata mbili, zote zikimtakia afya njema. Ya tatu ni kufukuzwa.

Mchana mmoja, baada ya kula, usingizi ulimchukua. Alipozinduka, dakika ishirini na mbili zilikuwa zimepita, na lori lilikuwa bado linakwenda. Kwenye skrini, katikati ya giza, aliona mgongo wa shemeji yake, fundi bomba, ameinama akigonga chuma. Akavuta breki kwa mikono miwili. Lori likasimama hatua mbili tu kutoka kwake.

“Unataka dada yako awe mjane?” shemeji alifoka redioni, kisha akacheka. “Na huyo uliyempakia, mbona haitikii salamu?”

“Toka hapo, shemeji! Toka sasa hivi!”

Kupitia maikrofoni ya lori, alisikia viatu vikikimbia majini hadi vikapotea. Akatazama kumbukumbu za skrini: kengele zote nne zilijibiwa kwa wakati. Ndipo ya tano ikalia. Mikono yake miwili ilikuwa bado imeng'ang'ania breki. Katika spika za masikioni, kutoka ndani ya lori ambamo hamna kitufe chochote, akasikia kitu kikibonyezwa taratibu, na kengele ikanyamaza.